Matibabu kwa simu: tupeane uzoefu, hasa mlio mbali na hospitali

Mama Kulwa: Wakuu, juzi saa nane usiku mwanangu wa miaka miwili alichemka mwili. Nikampigia daktari wa simu. Akaniambia nimvue fulana, niwashe tochi, nihesabu pumzi dakika nzima. Zikafika 56. Akasema, "Mama, umri huu zikifika 40 ni hatari. Hapa siandiki dawa, mpeleke kituoni sasa hivi." Kweli, nimonia. Ninyi yamewakuta yapi?

Sikonge Moja: Mimi nililiwa 30,000. "Dokta" wa WhatsApp, picha ya koti jeupe, akanitumia kwa basi dawa ya vidonda vya tumbo. Chupa haina hata lebo. Wezi wote hao.

Nesi Mstaafu: Usiseme wote, ndugu yangu. Kabla hujatuma hela mwombe namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Akizungukazunguka, kata simu.

Sikonge Moja: Namba si anaitunga tu?

Nesi Mstaafu: Ndiyo maana unaihakiki!

Mvuvi wa Ukara: Mama Kulwa umenikumbusha mbali. Mke wangu, mimba ya miezi minane. Tangu mchana kichwa kinamgonga, uso umevimba, tukasema ni jua. Usiku akaanza kuona vimulimuli. Kwetu mtandao unashika ukipanda jiwe la nyuma ya nyumba. Nikapanda, nikampigia daktari wa Mwanza niliyepewa namba yake. Akauliza, "Presha ngapi?" Nitaijulia wapi! Nikakimbia kwa mzee jirani mwenye kipimo. 172 kwa 114. Nikarudi juu ya jiwe, chaji imebaki asilimia nne. "Hicho ni kifafa cha mimba kinabisha hodi. Mlaze ubavu wa kushoto, piga 115..." Simu ikazima. Nilivyoshuka pale sikumbuki. Nikaazima simu ya mzee, 115, namba ya dharura ya wajawazito, wakapokea, bure kabisa. Bodaboda hadi kituo cha afya, tunafika mlangoni kifafa kikamshika mikononi mwangu. Wakamchoma magneziamu ya kutuliza kifafa. Alfajiri boti hadi Bugolora, gari hadi hospitali ya Nansio. Mtoto tulimzika. Mama yake yupo, anaanika dagaa hapa ninapoandika.

Binti Kilwa: Pole sana kaka. Nimelia.

Sikonge Moja: Pole mkuu. Lakini mngemkimbiza kituoni mchana uleule, badala ya kuhangaika na simu.

Mvuvi wa Ukara: Mchana hatukujua kama ni ugonjwa. Aliyenijulisha ni huyohuyo wa kwenye simu.

Mama Kulwa: Sikonge, mwache. Hukuwepo.

Niko Kigali: Huku tulizoea: unapiga, nesi anakurudia, unapata meseji ya kwenda nayo duka la dawa. Mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ikafilisika, huduma ikakatika. Bibi yangu wa presha alibaki anapiga namba isiyopokelewa. Serikali zetu zishike hizi huduma zenyewe.

Fundi Redio: Kila nyumba inunue kipimo cha presha na pawabenki. Vile vya kufunga kwenye kifundo cha mkono ni rahisi.

Nesi Mstaafu: Hapana! Vya kifundoni vinadanganya mkono ukikaa vibaya. Cha kufunga juu ya kiwiko. Na mjamzito akiumwa kichwa huku amevimba uso asisubiri kipimo, aende.

Mama Kulwa: Mvuvi, presha ya shemeji sasa inaendeleaje?

Mvuvi wa Ukara: Imeshuka, dada. Anameza vidonge kila asubuhi. Kliniki ni Jumanne, ziwa likitulia.