Aliyechomwa sindano ya PRP gotini aniambie ukweli

MwalimuMstaafu_Tanga
Assalaam aleikum. Goti la kulia linanitesa, eksirei inaonyesha gegedu limesagika. Kuchuchumaa siwezi, na swala nasali kwenye kiti. Diklofenaki nimemeza mpaka tumbo likawaka moto, daktari akanipiga marufuku. Sasa kliniki moja ya Dar inanishauri PRP: unatolewa damu, inazungushwa kwenye mashine, ile sehemu yenye chembe sahani nyingi (zile za kugandisha damu) unadungwa gotini. Sindano tatu. Wanasema gegedu litaota upya. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, hapo nikakunja uso. Mwanangu yuko tayari kulipa, na hela yenyewe si ya kuchezea. Nani amechomwa? Nielezeni hali ya miezi ya baadaye, ya wiki ya kwanza nimeshasimuliwa sana.

CherehaniIlala
Shikamoo mwalimu. Mimi nilichomwa mwaka jana. Siku za mwanzo goti lilivimba likauma kuliko awali, na diklofenaki nimekatazwa, nikawa wa panadol na barafu. Halafu nafuu ikaja, nikakanyaga cherehani kutwa nzima. Sasa maumivu yanarudi, ila si makali kama zamani. Shida ni kwamba muda wote huo nilikuwa nafanya mazoezi ya paja, kwa hiyo sijui nishukuru kipi.

Mnyoosha_Viungo
Shikamoo mama. Kazi yangu fiziotherapia. Australia walilipima swali hilo hilo la fundi cherehani, kwamba nafuu inatokana na sindano au la: watu 288 wenye magoti ya kusagika, wengine wakadungwa PRP, wengine maji ya chumvi, na hakuna aliyejua kapata kipi. Majibu yalitoka 2021. Baada ya mwaka maumivu yalikuwa yamepungua kwa makundi yote mawili, karibu sawa, na kwenye gegedu hapakuwa na tofauti ya maana. Zipo tafiti nyingine, nyingi ndogo, zinazoisifu PRP, kwa hiyo siwaiti waongo. Ila la kuota upya, hapana. Vidole vya mikono je, vinakakamaa asubuhi? Kama ndiyo, pima baridi yabisi kwanza, dawa zake ni nyingine kabisa.

MwalimuMstaafu_Tanga
Marahaba wanangu. Vidole vizima, ni goti tu. Maji ya chumvi! Nimemsomea mwanangu, kacheka, kisha kanyamaza akipiga hesabu. Hela tumeisimamisha kwanza. Fundi, hayo mazoezi ya paja ulielekezwa na mtu au ulijifanyia mwenyewe? Unakaa, unalala, unasimama? Niandikie yote, nina nafasi ya kusoma.