Walimu wa IRE (somo la dini ya Kiislamu) wanaikataa projekta, nianzie wapi?

BintiKilifi: Assalaam aleykum walimu. Idara yetu ya sekondari msingi imepewa projekta na spika, vyote vimekaa kabatini. Maustadhi wakubwa wanasema Kurani hufunzwa mdomo kwa mdomo na mashine huondoa adabu. Vijana nao wanataka kila kipindi kiwe video. Nifanyeje bila kumvunjia mtu heshima?

Maalim Tajwidi: Wazee wana hoja nzito. Spika haimsikii mtoto anayetamka herufi ض (dhad) kama د (dal). Basi rekodi imfuate mwalimu, isichukue nafasi yake. Katika dakika 40, ustadhi asome aya, rekodi iirudie kwa dakika 3 hivi, muda uliobaki wanafunzi wasome mmoja mmoja akiwasahihisha. Murattali (kisomo cha taratibu) ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, msomaji wa Misri, inafaa sana, husoma taratibu na vituo vyake viko wazi. Ila hakikisha ni riwaya (njia ya usomaji) ya Hafs, iliyo kwenye misahafu yetu. Alirekodi riwaya ya Warsh pia, na humo utasikia "maliki yaumid-din" bila madi, yaani "ma" haivutwi. Darasa litababaika na ustadhi atasema mashine imekosea.

Fundi Spika: Usicheze moja kwa moja kutoka YouTube. Tangazo hukata aya katikati, kisha video nyingine hujianza. Pakua MP3, tia kwenye flashi, faili zipewe namba za sura: 001, 002. Simu ikiunganishwa na projekta iwe hali ya ndegeni, la sivyo meseji za WhatsApp zitatokea ukutani. Video za visa vya mitume tazama mpaka mwisho kabla ya kipindi. Nyingi ni katuni zinazowachora mitume, jambo ambalo maustadhi hawalikubali, na moja tu yatosha kufunga mjadala.

Mama Akhlaki: Dada, mimi ningeanza na akhlaki (tabia njema), si kisomo. Chukua Sura ya Hujurat aya ya 6, kuchunguza habari. Onyesha ujumbe wa kusambazwa uliofutwa majina, makundi ya watano wajibu: nani kasema, lini, nani atadhurika? Kipindi kinachofuata aya ya 12, kusengenya, na picha za wenzao wanazotumiana. Ustadhi aongoze tafsiri, mwalimu kijana ashike kifaa. Maustadhi wengi hukataa kwa kuogopa kuaibika mbele ya watoto wanaojua simu kuliko wao; hapa elimu ya ustadhi ndiyo inayobeba kipindi.

BintiKilifi: Shukran. Na msahafu wa simu, udhu je?

Maalim Tajwidi: Wanazuoni wengi wa sasa hawaushurutishi, lakini muulize ustadhi wenu mkubwa, na atakalosema liwe kanuni ya idara.