Jiko la moshi baridi la kujitengenezea: je, linafaa katika joto la pwani ya Mtwara?

Mkazi wa Mikindani

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wenye ujuzi wa kuhifadhi samaki kwa moshi. Hapa Mikindani wengi tunajua kubanika: samaki anatandazwa juu ya kichanja, kuni zinawaka chini, na baada ya saa chache anakuwa ameiva na kukauka. Mimi nataka kujaribu moshi baridi, yaani moshi usiopika, unaompa samaki rangi na harufu huku mnofu wake ukibaki laini na kukatika vipande vyembamba kwa kisu kikali. Wenye nyumba za wageni huniuliza kama ninaweza kuwapatia nguru wa namna hiyo.

Ninalo pipa la lita 200 lililokuwa na mafuta ya kula, kabati la nguo la zamani la mbao, na bomba la bati lenye urefu wa mita 3. Nimekusudia kuchimba mfereji, nilifukie bomba ili moshi upoe njiani, kisha kabati likae juu ya mwinuko mdogo ili moshi upande wenyewe. Moto utawaka ndani ya pipa, na samaki wataning'inia kabatini. Nitaanza na nguru na jodari.

Naomba kujua mambo matatu. Kwanza, je, mita 3 zinatosha kuupoza moshi? Pili, je, naweza kutumia kuni za mkorosho pamoja na maganda ya korosho, ambayo huku hayana bei? Tatu, samaki huyo atakaa muda gani nje ya jokofu? Natanguliza shukrani.

Fundi wa Shangani

Ndugu, mpango wako wa pipa, mfereji na kabati ni sahihi, na ndivyo majiko haya yanavyojengwa katika nchi nyingi. Mita 3 zinatosha kuupunguza moshi ukali wa moto. Hata hivyo, jambo moja ulizingatie kabla hujashika jembe: moshi unaopita ardhini hauwezi kuwa baridi kuliko udongo unaouzunguka, na udongo wa pwani yetu wenyewe una nyuzi 25 au zaidi. Moshi baridi unatakiwa usizidi nyuzi 30 pale samaki anaponing'inia. Mchana wa Novemba au Desemba hewa ya Mtwara inazivuka nyuzi hizo hata kabla hujawasha kiberiti, kwa hiyo hata bomba la mita 10 halitakusaidia. Fanya kazi hii usiku, wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, ambapo kabla ya alfajiri joto hushuka hadi karibu nyuzi 20.

Kuhusu bomba, kipande kinachotoka kwenye pipa kiwe cha chuma cheusi. Bati limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Bati lako litumie kuanzia pale moshi ulipokwisha kupoa. Kabati nalo ulikague: kama lina rangi au vanishi, likwangue mpaka mbao ionekane, na kama ni la plaiwudi, usilitumie, kwa sababu gundi yake haifai kukaa karibu na chakula.

Juu ya kabati weka dohani yenye kifuniko cha kufungua na kupunguza. Wengi huifunga ili moshi usipotee, na hapo ndipo samaki anapokuwa mchungu: moshi uliosimama hutua juu yake pamoja na unyevu na kuacha utando mweusi kama lami. Moshi unapaswa kupita. Ukitazama pale dohanini, unaotakiwa ni mwembamba wenye kuelekea rangi ya samawati. Ukiona unatoka mzito na mweupe, kuni zako ni mbichi au hewa ya chini haitoshi.

Ndani ya pipa usiwashe miali. Maranda makavu yanayofukuta polepole kwenye sinia la wavu wa chuma yanatosha, na yakipangwa katika mstari unaojizungusha na kuwashwa upande mmoja, yatafuka usiku mzima. Kufukuta huku kunapunguza pia masizi na kemikali za aina ya benzopirini, ambazo huweza kuleta saratani, zinazotokana na moto mkali na mafuta ya samaki yanayodondokea makaa. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 tu za benzopirini katika kilo moja ya samaki wa moshi, na katika hili jiko lenye moto uliotengwa na samaki lina nafuu kubwa kuliko kichanja cha kawaida.

Maganda ya korosho usiyaguse kabisa kwa kazi hii. Yana mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake huwasha macho na koo. Tumia mpera au mkwaju uliokauka vizuri, au makumbi na vifuu vya nazi. Mikoko inatoa moshi mzuri, lakini kuikata bila kibali ni kosa, na tena ndiyo mazalia ya samaki tunaowategemea.

Mama wa Lindi

Mwanangu, hongera kwa kuuliza kabla ya kujenga. Fundi amekueleza jiko, nami nitakueleza samaki, kwa kuwa nimefanya kazi ya samaki hapa Lindi kwa muda mrefu na swali lako la tatu limenitia hofu.

Samaki wa kubanika anakaa kwa sababu mambo matatu yamemlinda: ameiva, amekauka, na moshi umemwingia. Samaki wa moshi baridi hana ulinzi wa kuiva, na kukauka kwake ni kidogo. Kinachobaki ni chumvi na ubaridi. Kwa hiyo nje ya jokofu hakai hata siku moja, na hata ndani ya jokofu ahesabiwe kuwa samaki mbichi. Vijidudu vya Listeria vinastahimili moshi baridi. Vile vya botulinamu vya aina E, vinavyotengeneza sumu kali, huweza kuota hata kwenye nyuzi 3.3, hasa samaki akifungwa katika plastiki isiyopitisha hewa, ndiyo maana viwanda vinavyofunga samaki hivyo hutakiwa kuhakikisha chumvi imefikia angalau asilimia 3.5 ya maji yaliyomo ndani ya mnofu. Kiasi hicho hakijulikani kwa kuonja. Kinapimwa.

Jodari muondoe kwenye mpango wako. Yeye, vibua na hata nguru wakikaa katika joto hutengeneza histamini, na histamini ikishatokea haiondolewi na chumvi, moshi wala kupika. Mlaji huwashwa mwili, uso humwiva, moyo humwenda mbio. Ukimning'iniza jodari mbichi usiku kucha katika nyuzi 28, unampa histamini nafasi yote. Nguru naye umkubali tu kama amewekwa barafu tangu chomboni, si kutoka kwa mchuuzi aliyemtembeza juani.

Ushauri wangu ni huu: jiko lijenge, ila samaki wa kuuza umalizie kwa moto. Mpasue nguru, mtie chumvi, mlaze kwenye barafu, kisha umsuuze na kumtundika mahali penye upepo chini ya chandarua mpaka ngozi ya juu ya mnofu ing'ae na kunata kidogo kwenye kidole. Hatua hiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayoufanya moshi ushike. Mtie moshi baridi kwa saa chache tu za usiku, kisha uongeze moto mpaka katikati ya mnofu mnene ifike nyuzi 63 na ibaki hapo kwa nusu saa. Harufu utaipata, rangi utaipata, na mgeni wako atakula kwa usalama. Kwa biashara ya hoteli, fika TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosajili bidhaa za chakula na majengo yake.

Mkulima wa Newala

Naongeza kwa ufupi. Huku juu ya uwanda wa Makonde usiku ni wa baridi kuliko pwani, lakini sisi hatutii samaki moshi baridi. Tunatia korosho zilizokwisha kubanguliwa, kumenywa na kukaangwa. Karibu nusu ya korosho ni mafuta, na mafuta hushika harufu ya moshi upesi sana, kwa hiyo saa mbili au tatu zinatosha. Zikizidi hapo, ulimi hauonji korosho tena. Chumvi ya mawe kutoka mashamba ya Lindi nayo inapokea moshi vizuri ikitandazwa kwenye sinia. Vyote viwili ni vikavu, havina hatari aliyoieleza Mama, na vinauzika kwa wageni haohao.

Mkazi wa Mikindani

Shikamoo, Mama, nami nawashukuru nyote. Jodari nimemwacha. Nitaanza na korosho na chumvi, kisha nguru wa kumalizia kwa moto. Je, nikiweka chupa za maji yaliyogandishwa ndani ya kabati, nitapata nafuu ya joto?

Mama wa Lindi

Marahaba, mwanangu. Utapata nafuu ya nyuzi chache. Ziweke chini, pale moshi unapoingilia, juu ya sinia la kupokea maji, wala usizitundike juu ya samaki, kwa sababu zitatoka jasho na matone yataukokota utando wa moshi mpaka kwenye mnofu. Unapotia korosho usiziweke kabisa, zitanyonya unyevu. Nunua pia vipimajoto viwili: kimoja kining'inie kwenye usawa wa samaki, na cha pili kiwe cha kuchoma ndani ya mnofu, kwa ajili ya zile nyuzi 63.