Turbo au supachaja kwa gari ya kila siku? Naombeni ushauri wakuu

gia_ya_tatu: Wakuu habari zenu. Nina gari ya 1.8, silinda nne, gia za mkono. Nikitaka kuovateki naikanyaga mpaka naionea huruma. Nifunge turbo au supachaja, hivi vya kuisukumia injini hewa zaidi? Nataka busti (presha ya hiyo hewa) ndogo tu, psi 6 hivi. Usingizi sipati, natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Spana: Supachaja mkuu. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki ya injini, ukikanyaga tu ipo, turbo mpaka moshi wa eksozi uizungushe kwanza. Ya kwangu iliwahi kukata mkanda usiku mvua inanyesha, tukarudi kama mkokoteni, mke wangu mpaka leo hajasahau.

Dada_Injini: Mkanda huohuo unakula nguvu ya injini. Turbo inatumia moshi ambao ungetoka bure. Ila kwanza, kompresheni yako (pistoni inavyobana hewa) ngapi kwa moja, na injini inakula oili?

oili_nyeusi: Vijana anzeni na breki na tairi. Mbio zinazika watu.

gia_ya_tatu: 10.5. Oili inakula kidogo, lita kwa kilomita elfu hivi, ila moshi wa bluu ni asubuhi tu. Na niseme ukweli turbo nishanunua, used, iko kwenye boksi chini ya kitanda, shafti inacheza kidogo ila fundi kasema kawaida.

Dada_Injini: Ikicheza kidogo upande kwa upande sawa, nafasi hiyo ni ya oili. Ikicheza mbele na nyuma imekwisha. Hicho kitu kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

pistoni4: Hii chai. Unaomba kuchaguliwa kumbe ushanunua? Na gari haina jina wala mwaka?

gia_ya_tatu: Sio chai mkuu, nimetoka kupima presha ya silinda sasa hivi mikono bado ina grisi. Silinda ya 1, 2 na 4 zimetoa psi 175, 170, 175. Ya 3 imetoa 120, plagi yake nyeusi imelowa. Nikamimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi nikapima tena, ikapanda 155.

Dada_Injini: Basi ni ringi za pistoni zimechoka, oili imeziba pengo ndo maana imepanda, ingekuwa valvu isingepanda. Ukiisukumia busti hiyo, gesi itashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na oili itavujia kwenye kila sili. Usifunge turbo wala supachaja.

gia_ya_tatu: Nimekuelewa dada. Sasa injini ikishafunguliwa kubadilishwa ringi, si ndo niweke na pistoni za kompresheni ndogo za kuvumilia busti palepale? Maana turbo ipo tayari.