Yule fundi wa laptop wa Kariakoo leo kanichefua mpaka basi

Wakuu saa hizi hata chakula hakipiti. Yule fundi wa Kariakoo, yule mwenye mdomo, wenyewe mnamjua. Nimempelekea ThinkPad T430 yangu ya 2012, chuma kweli kweli, aniongezee RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) toka 4GB na hiyo HDD, diski ya kuzunguka, iliyochoka atoe aweke SSD, ile diski isiyozunguka, basi, kazi ya kumaliza kikombe cha chai. Jamaa kaja na RAM ya DDR4, kizazi kinachofuata baada ya DDR3. DDR4 kwenye mashine ya DDR3! Namwambia boss hiyo haiingii, cheki hicho kikato kwenye meno yake hakiendani na sloti, ananijibu "tulia dogo fundi nani hapa", kaweka dole gumba anashindilia kama anafunga gunia la mkaa. KRAK! Mpaka Kigamboni wamesikia.

Halafu anawageukia wateja anacheka, "hii ipelekeni makumbusho". Umevunja wewe unacheka wewe! T430 inabeba mpaka 16GB, sloti mbili, SSD ya SATA ya inchi 2.5 inakaa palepale ilipokuwa HDD, sasa makumbusho ya nini? Kumbe ana mashine zake rafuni anataka nichukue. Lile dole gumba jamani, lile dole gumba!

chuma_ulete: Pole mkuu ila 4GB mpaka leo ulikuwa unafungulia nini, kalkuleta?

mzee wa soketi: Huyohuyo! Yangu iliingia na RAM mbili ikatoka na moja, namuuliza anasema nimeipunguzia mzigo.

Mleta uzi: Wewe kakuibia tu, mimi kashindilia DDR4 mbele ya macho yangu halafu KACHEKA.

kijana wa Mint: Hiyo hata ikipona Windows 11 haiikubali rasmi, wanataka prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows.

chuma_ulete: Watu wa Linux hata msibani mnakuja na flashi.

mama wawili: Afadhali nyie, wangu wa friji kaja kujaza gesi kaondoka na rimoti ya TV.

mzee wa soketi: 😂😂 rimoti ya nini sasa

bibi harusi mtarajiwa: Mafundi cherehani mnawasahau? Sendofu Jumamosi, ananiambia pitia Jumatatu.

mama wawili: Wa Mbagala huyo? Mrefu hivi? Ana kitenge changu tangu Pasaka!!