Programu naiona kwenye Pi lakini naambiwa haipo, nisaidieni

MwanaWete: Asalaam aleikum. Nna programu ya C++ ya kupima joto na unyevu pale ami anapoanika karafuu, laptopuni inakwenda vizuri, nikaikompaili (kuigeuza iwe lugha ya mashine) kwa aarch64-linux-gnu-g++, kompaila ya prosesa za ARM za biti 64, nikaihamishia kwenye Raspberry Pi 4, kile kikompyuta kidogo, nikiiwasha napata "No such file or directory" na nikipiga ls kuorodhesha mafaili naiona hii hapa! Siku ya tatu silali. Ninunue Pi nyengine?

fundi_darajani: Usinunue. Piga gcc -dumpmachine huko kwenye Pi. Kompaila haibahatishi, inafata lile jina lenye vistari utakaloliona, prosesa mwanzo, mfumo, mwisho ABI, yaani kanuni za programu kuelewana na mfumo.

BintiChake: Mie Windows ilintesa, _WIN32, alama ya kompaila ya kusema hii ni Windows, ipo hata kwenye Windows ya biti 64, wiki nzima nadhani kompaila yangu mbovu.

mzee_mkoani: Karafuu ni mkono, kijana. Ivunje, ikikatika kwa mlio ishakauka.

MwanaWete: Shkamoo mzee. Fundi, gcc haimo, ila uname -m yasema aarch64, sijakosea.

fundi_darajani: Hiyo kerneli tu, kiini cha mfumo, programu zilizomo zaweza kuwa za biti nyengine. Piga getconf LONG_BIT. Na kadi ya kumbukumbu yenye mfumo umeitoa wapi?

MwanaWete: 32. Kadi alinipa rafiki ishawekwa mfumo, sikusema kwa sababu ina rekodi za msimu uliopita na sitaki kuambiwa niifute. Tena Pi mpya nshamwambia ami, fedha kashatoa.

Yakhe_Unguja: Stori ya kutunga hii. Kerneli biti 64 na LONG_BIT 32? Wapi na wapi!

BintiChake: Hata mie nna shaka.

fundi_darajani: Yawezekana kabisa, tangu 2023 mfumo wa Pi wa biti 32 ukiuweka kwenye Pi 4 unawaka na kerneli ya biti 64.

MwanaWete: Wallahi situngi. readelf -l, amri ya kuchungulia ndani ya programu, yasema programu inataka /lib/ld-linux-aarch64.so.1, nikitafuta /lib naona ld-linux-armhf.so.3, ya biti 32, peke yake.

fundi_darajani: Basi kinachokosekana ni hicho kipakizi, faili la kuianzisha programu, si programu yako. Kompaili upya kwa arm-linux-gnueabihf-g++, kadi usiiguse. Ukidibagi (kutafuta makosa) toka laptopuni tumia gdb-multiarch, inasoma kichwa cha ELF, mwanzo wa faili la programu, penye namba ya prosesa: 40 ni ARM ya biti 32, 183 ni AArch64.

MwanaWete: IMEWAKA!! Alhamdulillah. Sasa ami nimwambie nini?

mzee_mkoani: Mrejeshee fedha zake leo leo.

Yakhe_Unguja: Niwie radhi yakhe. Fundi, yangu yalia hivo hivo, nianze na amri ipi?