Kopo la Babu (gumzo la kikundi cha familia, Tabora)

*Rama Kiloleni:* Asalam aleikum ndugu zangu. Leo nimefungua lile sanduku la bati la marehemu babu kule chumba cha uani, chini ya makoti kuna kopo la tumbaku, ndani nishani nne, nyota mbili za njano na mbili za duara kama sarafu. Zimepauka sana afu hitma ya bibi imekaribia, nataka nizisugue na majivu na limau zing'ae

*Shangazi Isevya:* Weka chini Rama!! Majivu wala limau usiguse, baba alikua anapangusa na kitambaa kikavu tu basi

*Bamdogo Urambo:* Waaleikum salaam. Kuna jamaa huku ananunua vitu vya kale, anataka nyota tu, karatasi za baba za jeshi hazitaki. Mi naona tumpe. Baba alirudi na nini toka vitani? Kiinua mgongo cha askari mweusi hakikufika hata cha mzungu wa cheo kilekile, angalau wajukuu wapate ada

*Kaka Mwalimu:* Bamdogo shikamoo. Hilo la malipo ni kweli na linauma. Ila Rama hebu geuza nyota nyuma, kuna jina?

*Rama Kiloleni:* Hamna. Patupu

*Kaka Mwalimu:* Ndo ilivo, nyota za vita vya 1939 mpaka 1945 askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza la huku Afrika Mashariki, walipewa bila kuchongwa jina. Kinachosema ni za babu ni kile kitabu chake cha kutoka jeshini, kwaiyo ukitenganisha nyota na karatasi umebaki na bati la mtu yeyote. Utepe ukoje?

*Rama Kiloleni:* Mmoja bluu iliyokoza, nyekundu, na bluu ya mbingu, sawa kwa sawa. Wa pili bluu una nyekundu katikati na vimistari vya chungwa. Na ile ya duara ina simba kasimama juu ya joka la vichwa viwili

*Kaka Mwalimu:* Huo wa kwanza rangi zake ni jeshi la wanamaji, la nchi kavu na la anga. Wa pili ndo wa vita vya Burma yenyewe, Myanmar ya leo

*Rama Kiloleni:* Kuna na kitambaa kimeshonwa kichwa cha kifaru, nilidhani beji ya shule

*Kaka Mwalimu:* Subhanallah. Hiyo ni alama ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki! Hao ndo walipita bonde la Kabaw hukohuko Burma kwenye mvua na malaria 1944, Disemba wakafika Kalewa wakavuka mto Chindwin

*Shangazi Isevya:* Sasa naelewa jamani. Baba vita hakusimulia, ila masika ikipiga usiku anatoka anakaa kibarazani mpaka asubuhi, ukimuuliza anasema tope la kule lilikua linameza nyumbu wa mizigo, na kwamba walimezeshwa vidonge vya njano vichungu mpaka ngozi ikageuka rangi. Tulikua wadogo tunaona anatutisha

*Bamdogo Urambo:* Mi hayo ya kibarazani sikuyajua, nilikua sijazaliwa. Basi jamaa nimemwambia haziuzwi

*Shangazi Isevya:* Mungu akubariki mdogo wangu. Ijumaa baada ya swala nakuja na vipande vya kanga nifunge kila moja peke yake, kitabu chake pembeni, na tusizirudishe kwenye kopo la tumbaku

*Rama Kiloleni:* Sawa shangazi. Ila utepe wa Burma umeliwa na mende pembeni na pini imeganda kutu, nibandue?

*Shangazi Isevya:* Usibandue mwanangu. Hiyo pini aliibana yeye